Mama Yumo Wapi Katika Amri ya Nne?

Mafungu ya kusoma juma hili: Kutoka 16:22-30, Kutoka 20:8-11, Kutoka 23:12, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Isaya 58:3-14, Marko 1:29-31, Luka 10:38-42, Luka 13:10-17, Yohana 21:9-13.

Swali lililo juu ya somo hili si langu. Aliniuliza binti yangu mdogo alipokuwa na umri wa miaka 9. Ilikuwa Jumatano jioni. Darasa lake la Shule ya Sabato lilikuwa limepangiwa kusema Amri Kumi kwa moyo mbele ya kanisa, naye alitaka nimsikilize. Nilishika Biblia, akasimama mbele yangu mikono nyuma, akaanza. Alipofika amri ya nne alitoa mkono mmoja, akawa anahesabu kwa vidole: wewe, mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama, mgeni. Akanyamaza. Akahesabu tena. Kisha akauliza, "Baba, mbona mnyama yumo na mama hayumo?"

Mimi ni mtu wa idara ya elimu. Nimefundisha walimu wa Shule ya Sabato kwa miaka mingi, na katika masomo yangu ya theolojia swali hili nililikuta. Kwa hiyo sikusita. Nilimwambia kwamba mama yumo katika neno la kwanza, "wewe." Amri haimtaji mama pembeni kwa sababu inasema naye uso kwa uso, kama inavyosema na baba. Mume na mke ni mwili mmoja. Wakiambiwa "wewe," wameambiwa wote wawili. Vinginevyo tungekuwa na nyumba ambamo watoto wanapumzika, watumishi wanapumzika, hata punda anapumzika, na mtu mmoja tu amebaki kazini. Binti yangu alisema, "Haya, baba," akaendelea na amri ya tano.

Jibu lile ni sahihi, na ukiniuliza leo nitakupa lile lile. Lakini Ijumaa ya juma lile nililisikia likinirudia masikioni, maana nilitazama nyumba yangu nikaona kwamba haliko kweli kwangu.

Nilichokiona Ijumaa ile

Saa 11:30 jioni nilikuwa nimekwisha oga. Shati langu la Sabato lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa. Nilikaa sebuleni na lesoni mkononi, kitabu cha Nyimbo za Kristo kando yangu, nikiona moyoni kwamba nimejiandaa vema. Kama kawaida yangu nikaita kuelekea jikoni, "Mama, jua linazama! Tuje tufungue Sabato!"

Mke wangu alikuja saa 12:30, mikono ingali mibichi. Nyuma yake alikuja dada wa kazi, binti wa miaka 19 aliyekuwa ameishi nasi miaka 2. Walikuwa wamefua, wamepiga pasi nguo za watu 6, wameteka maji, wamechambua mchele na maharage, wamepika sufuria 4, wamesugua sakafu. Tuliimba. Nilisoma fungu, nikasema maneno machache juu ya raha ya Sabato, nikaomba. Nilipofumbua macho mke wangu alikuwa amelala usingizi ameketi. Watoto walicheka. Mimi nami nilicheka, kwa sababu ilikuwa hivyo kila Ijumaa na tulikuwa tumezoea.

Kesho yake, baada ya huduma kuu, nilifanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Nilisimama mlangoni mwa kanisa nikawaalika wageni 5 waje kula nyumbani. Sikumwuliza mke wangu, sikuwahi kumwuliza. Kanisani najulikana kuwa mtu mkarimu. Tulikula, tukashukuru, kisha sisi wanaume tukatoka tukakaa chini ya mwembe tukaendelea kujadili lesoni ya juma lile. Kutoka pale nilipokaa niliona mlango wa jikoni. Dada wa kazi alikuwa anapita na vyombo, anarudi, anapita tena. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi hakuwa nasi katika Shule ya Sabato. Alibaki kulinda nyumba na kuangalia chakula. Na Sabato iliyotangulia alibaki vilevile.

Jioni, wageni walipoondoka, nilimwuliza, "Binti, wewe Sabato unaionaje?" Hakufikiri hata kidogo. Alijibu kwa adabu, "Sabato ni siku ya wageni, baba."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anajibu swali, kama ambavyo angejibu kwamba Jumatatu ni siku ya kufua. Nimehubiri juu ya Sabato katika makanisa mengi na kwenye makambi, lakini sijawahi kusikia sentensi iliyonihukumu kuliko hiyo.

Je, kufurahi ndilo kosa?

Mtu mwingine akisikia habari hii atasema, "Basi, shida ni raha zenyewe. Tukate vyakula, tukate wageni, tukae kimya tukisoma." Hebu tusikimbilie huko. Biblia haituruhusu kuchukia furaha ndogo ndogo za nyumbani. Mhubiri, mtu aliyeona ubatili mwingi chini ya jua, anasema kwamba kula, kunywa na kuona mema katika kazi ya mtu ni kipawa cha Mungu (Mhubiri 3:12, 13). Paulo anamwambia Timotheo kwamba Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi ili tuvifurahie (1 Timotheo 6:17). Naye Isaya anatutaka tuiite Sabato siku ya furaha (Isaya 58:13). Dini inayomwonea haya mtoto anayefurahia sahani yake ya chakula haikutoka kwa Yeye aliyetia utamu katika embe.

Lakini isome sura ile ya Isaya tangu mwanzo wake. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wanafunga wala hawaonwi. Katika fungu la 3 Mungu anawajibu: siku ya kufunga kwenu mnatafuta mambo yenu, huku mnawasukuma watu wanaowafanyia kazi. Mistari 10 baadaye, ndani ya sura hiyo hiyo, anasema juu ya furaha ya Sabato. Mara nyingi tunalikariri fungu la 13 peke yake, kana kwamba lilidondoka toka mbinguni bila fungu la 3. Nabii hakuyatenganisha. Kwake yeye, swali la furaha yangu na swali la mtu anayenifanyia kazi ni swali moja.

Kwa hiyo hatuulizi kama tunaruhusiwa kufurahi. Tunauliza ni nani anayeilipia furaha yetu, na kama mlipaji naye amekaribishwa mezani. Raha inaweza kuonekana kuwa ndogo na isiyo na gharama kwa sababu tu gharama yake haiangukii kwangu. Mimi nilisema siku zote kwamba nyumba yetu inapenda raha za kawaida: nyimbo, chakula, wageni, kivuli cha mwembe. Kwangu zilikuwa za kawaida. Jikoni zilikuwa sufuria 4.

Anayehuishwa pamoja na Mungu

Amri ya nne imeandikwa mara 2, nasi tunajua kwamba sababu zake zinatofautiana. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku 6, akapumzika ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni ukombozi: ulikuwa mtumwa Misri, Bwana akakutoa. Na pale Musa anaeleza kusudi waziwazi, kwamba mtumwa na mjakazi wapate kupumzika sawasawa na bwana wao. Mizani ya pumziko la mtumishi ni pumziko langu mimi. Nikilala saa 2 mchana wa Sabato, na aliyepika akalala dakika 10, hatujapumzika sawasawa.

Angalia pia jambo ambalo Israeli wanaagizwa kulikumbuka. Si uzuri wa Sabato. Wanaambiwa wakumbuke utumwa: matofali, nyapara, siku zisizo na mwisho. Mungu anataka mtu aliyeketi kwa raha akumbuke ilivyokuwa kufanyishwa kazi bila kituo, ili asiwe Farao mdogo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kuna neno jingine ambalo msomaji wa Kiswahili halioni kwa urahisi. Katika Kutoka 23:12 Bwana anasema siku ya saba ni ya kupumzika ili mwana wa mjakazi na mgeni waburudike. Katika Kutoka 31:17 imesemwa kwamba Mungu mwenyewe, alipomaliza kuumba, alipumzika akaburudika. Katika Kiebrania kitenzi ni kile kile mahali pote 2, nacho kinatoka kwenye shina moja na neno linalotafsiriwa nafsi. Ni kuvuta pumzi, kurudishiwa nafsi. Kitenzi hiki ni adimu sana katika Agano la Kale. Hakikutumika kwa mfalme katika kiti chake cha enzi siku ya Sabato. Kimetumika kwa Mungu, na kimetumika kwa mtoto wa mjakazi. Burudisho la Muumba ndilo alilokusudiwa mtu wa mwisho kabisa katika orodha ya nyumba.

"Lakini mama hupenda kutumika"

Nilipoanza kuyasema haya katika madarasa, nilipata majibu, nami nayaheshimu. Mzee mmoja aliniambia, "Ndugu, unawavuruga akina mama. Wao hupenda kuwatumikia watu wao. Mbona mke wangu hajalalamika?"

Ni kweli kwamba upendo hutumika kwa furaha. Mama anayempikia mwanawe aliyerudi kutoka shule ya bweni hafanyi kazi ya shokoa. Lakini zawadi ni zawadi pale ambapo mtoaji angeweza pia kutokutoa. Kama siku moja mke wangu angesema, "Sabato hii nimechoka, tule ndizi na parachichi," je, ningepokea kwa amani, au ningenuna mbele ya wageni? Nilijiuliza hivyo, nikajua jibu, nalo halikunipendeza. Kunyamaza kwake kwa miaka yote ile hakukuwa ushahidi wa kuridhika. Wakati mwingine mtu hanung'uniki kwa sababu hajawahi kuona kwamba kuna wa kumsikiliza.

Wengine hutaja Marko 1:29-31. Ilikuwa Sabato, Yesu alitoka katika sinagogi akaingia nyumbani kwa Petro, mkwewe Petro alikuwa na homa, alipopona aliwatumikia. Je, hapo hakuna mwanamke anayehudumu siku ya Sabato? Yupo. Ila soma kwa utaratibu. Kabla hajamtumikia mtu, Bwana alimwendea kitandani, akamshika mkono, akamwinua. Huduma yake ni ya mtu aliyeinuliwa kwanza. Katika nyumba zetu tumezoea sehemu ya pili ya habari na kuisahau ya kwanza.

Na kisa cha Martha? Hapo sisi wanaume inatupasa kutubu kabisa. Ni mara ngapi tumekitumia kisa hicho kuwakemea akina mama kwa kuhangaikia vyakula, halafu tukatoka kanisani tukaketi mezani kula alichopika Martha! Yesu hakusema kwamba kupika ni dhambi. Alimwambia Martha kwamba anasumbuka kwa mengi, na kwamba kinachohitajika ni kichache. Mgeni mwenyewe ndiye aliyepunguza hitaji lake. Mgeni wa namna hiyo anapoingia nyumbani, mpishi anapata nafasi ya kuketi.

Lakini fungu lililonikamata kuliko yote ni Luka 13. Ilikuwa Sabato tena, na mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18 alikuwamo katika sinagogi. Yesu akamfungua. Mkuu wa sinagogi akakasirika, akawaambia watu kwamba siku za kazi ni 6. Jibu la Yesu likatoka zizini: kila mmoja wenu humfungua ng'ombe wake au punda wake siku ya Sabato, akampeleka kunywa maji, je, binti huyu wa Ibrahimu asifunguliwe? Niliposoma hapo niliweka Biblia chini. Swali la binti yangu lilikuwa limekwisha kuulizwa na Bwana mwenyewe. Mnyama yumo, mwanamke je? Watu wa sinagogi lile hawakuwa wabaya kuliko sisi. Walikuwa waaminifu, walitunza saa za Sabato. Ila walikuwa wamemzoea mwanamke aliyepinda. Miaka 18 alipita mbele yao.

Kuni za mama yangu

Nami nina mwanamke niliyemzoea kabla ya mke wangu. Nilizaliwa katika milima ya Upare, nchi ambako wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Giti, Mamba, mwaka 1903. Sabato za utotoni ni hazina yangu. Chakula chetu kilikuwa makande: mahindi yaliyotwangwa na kuondolewa maganda, pamoja na maharage, katika chungu kikubwa juu ya mafiga. Chungu kilichemka Ijumaa tangu mchana mpaka karibu na machweo, kikaachwa juu ya majivu ya moto. Asubuhi makande yalikuwa bado na uvuguvugu. Tuliyala na maziwa ya mgando, na jioni baba alituketisha nje akatusimulia habari za Yusufu, Danieli na Esta, mpaka jua likazama nyuma ya mlima. Hata leo harufu ya makande inanifanya nisikie sauti ya baba.

Miaka michache kabla mama hajafariki, tukiwa tumeketi naye, nilimwuliza, "Mama, unakumbuka nini katika zile Sabato zetu?" Nilitazamia aseme makande, au nyimbo. Akasema, "Nakumbuka kuni, mwanangu." Alitabasamu. Makande hula kuni nyingi. Kila Ijumaa alfajiri alipanda msituni, akarudi na mzigo kichwani, akatwanga, akapika. Kisha akaongeza, "Na zile hadithi za baba yako. Nilikuwa nasikia mwanzo wake tu. Mwisho sikuwahi kuusikia; kila mara palikuwa na kitu jikoni."

Mama yangu alikuwa na Biblia, aliyasoma yale masimulizi mwenyewe, na alijua vema jinsi habari ya Yusufu inavyokwisha. Hakuwa anasema juu ya Biblia. Alikuwa anasema juu ya kuketi nasi.

Je, furaha yangu ya utotoni ilikuwa ya uongo? Nimelifikiri jambo hili sana, nami nasema hapana. Mungu alinipa, na mama alinipa, na mama hakunipa kwa kinyongo. Ila ilikuwa na deni ambalo sikulijua, na mdai wangu sasa amelala akingoja ufufuo. Siwezi kumbebea kuni Ijumaa yoyote tena. Hicho ndicho kinachonifanya niandike. Wewe unayesoma, pengine mama yako bado yu hai. Pengine mke wako yuko jikoni sasa hivi.

Tulichojaribu

Sikuandika haya kama mtu aliyefaulu. Nitakueleza tulichofanya nyumbani kwetu, ili darasa lako lipime.

Kwanza, kazi ya Ijumaa tuligawana. Kutoka 16 inasema siku ya sita watu waliokota sehemu maradufu. Haisemi kwamba wanawake peke yao waliokota. Mimi na wanangu wa kiume tulichukua pasi, maji na kuchambua maharage. Pili, chakula cha Sabato kilirudi kuwa chungu kimoja. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Ellen White alishauri kwamba chakula cha Sabato kisizidi cha siku nyingine kwa wingi wala kwa aina, ila kiwe chepesi na kitamu, na kiwe na kitu ambacho watoto watakifurahia. Nilikuwa nimelifundisha shauri hilo mara nyingi. Sasa tunakula makande na matunda, na chai ya mchaichai kutoka kwenye chupa. Tatu, wageni bado wanakuja, lakini nauliza kwanza, na mgeni anakula tulicho nacho. Vyombo vinangoja Sabato ifungwe, kisha wanaume wanaviosha. Nne, dada wa kazi alipewa lesoni yake, akaenda Shule ya Sabato kama mtu mwingine yeyote, na nyumba tukaifunga kwa kufuli.

Haikuwa rahisi. Makande yangu ya kwanza yaliungua, na mzee mmoja wa kanisa aliponikuta nimeshika mwiko alicheka hadi akakaa. Niliona haya, na juma lililofuata niliacha. Nilirudi tena kwa sababu ya lile neno, "siku ya wageni."

Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba mke wangu naye alishindwa. Sabato ile ya kwanza aliinuka mara 3 kutoka chini ya mwembe, akaenda jikoni, akasimama, asione la kufanya, akarudi. Aliniambia, "Baba, nikikaa najisikia kama nimeiba kitu." Nilikumbuka kwamba Israeli nao, Sabato ya kwanza ya mana, baadhi yao walitoka kwenda kuokota, wasipate kitu (Kutoka 16:27). Watu waliotoka utumwani hawajui mara moja kuketi. Mungu hakuwatupa kwa hilo. Aliwafundisha kwa miaka 40. Mwenzi wako akiwa hajui kupumzika, usimkemee kwa fungu. Keti karibu naye.

Mtu atauliza juu ya kazi zisizoweza kungoja: ng'ombe wa kukamuliwa, mtoto mchanga, mgonjwa, zamu ya muuguzi. Hizo ni haja, na Bwana wetu alifanya kazi za namna hiyo siku ya Sabato bila kuomba radhi. Tofauti iko hapa: maziwa yakijaa ng'ombe huumia, hiyo ni haja yake. Sahani ya nne mezani ni raha yangu. Na hata haja, haikuandikwa mahali popote kwamba ni lazima ziangukie mikono ile ile kila juma.

Baada ya kufufuka, Yesu aliwangojea wanafunzi wake ufuoni. Walikuwa wamekesha usiku kucha bila kupata kitu. Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Naye akawaita waje wale. Aliye Bwana wa Sabato aliwasha moto mwenyewe kwa ajili ya watu waliochoka. Sioni ni kwa nini mimi, mtumishi wake, nione haya kushika mwiko.

Jumatano ile nilimwambia binti yangu kwamba mama yumo katika neno "wewe." Leo naelewa kwamba nilikuwa namwahidi kitu. Mtoto hajifunzi maana ya amri kwa maelezo ya baba peke yake, anaitazama nyumba. Akiona Ijumaa jioni kwamba "wewe" ni baba aliyeoga na kuketi, hiyo ndiyo tafsiri atakayoichukua kwenda nayo nyumbani kwake. Naomba Mungu kwamba tafsiri aliyoiona baadaye iwe imeifuta ile ya kwanza. Sina hakika. Miaka 9 ya kwanza ni mingi.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja furaha moja ya kawaida unayoipenda siku ya Sabato. Ni nani aliyeifanya iwezekane juma lililopita? Je, yeye aliifurahia pia?

2. Soma Isaya 58:3 pamoja na Isaya 58:13. Kwa nini, kwa maoni yako, nabii aliyaweka mambo haya katika sura moja?

3. Utawezaje kutambua kama mtu nyumbani mwako anatumika kwa hiari au kwa kukosa nafasi ya kukataa? Kwa nini kutolalamika si jibu la kutosha?

4. Mama mmoja anasema, "Ukininyang'anya kupika Sabato umeninyang'anya furaha yangu." Mtamjibuje bila kumdharau wala kumpuuza?

5. Je, darasa lenu lina mshiriki ambaye kila Sabato hubaki kulinda nyumba, kutunza watoto au kupika chakula cha wageni wa kanisa? Mfanye nini juma hili ili naye apate kuketi? Wekeni jina la mtu na siku, kisha mwombeane.